Marahaba ya Baba

Jumapili.

Leo tena baba mdogo amekuja wodini kumzika kaka yake aliye hai. Hata hajakaa vizuri: "Mwanangu, damu ikishavuja ndani kabisa ya ubongo wa mzee, ndiyo basi. Fahali wa msiba nimeshamchagua zizini kwake." Na yeye amezidiwa na baba miaka miwili tu!

Kitanda cha jirani yuko kijana mchimbaji wa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, damu ilimvuja hukohuko ndani. Juzi kaenda chooni mwenyewe, na mkongojo. Huyo kila mgeni anamtia moyo. Baba hata shikamoo hapewi, eti hawezi kuitikia.

Daktari alisema wazee hupona polepole kuliko vijana. Alisema polepole, hakusema hawaponi. Lakini naogopa, nisijidanganye.

Nikamwambia baba mdogo, "Msalimie kaka yako." Akatamka shikamoo kama anayelipishwa faini, akangoja kidogo, akaaga.

Alikuwa ameshapanda pikipiki getini ndipo mdomo wa baba ulipojipinda. "Ma... rahaba."

Nikaanza kulia. Akanikazia jicho lile lisilopooza.

"Fahali... yupi?"