Kaburi Tulilolizunguka Nachingwea

Bibi yangu uliyelala Nkowe,

Nimerudi kutoka Nachingwea nikiwa na hasira, hata salamu inanishinda.

Unakumbuka siku za gulio? Wewe mbele na mihogo kichwani, mimi nyuma. Tukifika mjini, karibu na maghala, ulikuwa unaacha barabara, unashuka mtaroni, unazunguka, kisha unapanda tena. Vijana wa baiskeli walikucheka.

“Bibi, barabara yote hii huioni?”

“Nampisha mama,” uliwajibu bila kugeuka.

Nami nilishuka kumpisha mama yako, masikio yakiniwaka kwa aibu.

Ulikuwa mtoto Wazungu walipoleta makatapila kufyeka pori wapande karanga. Makaburi ya kwenu yalikuwa njiani, basi wakapita juu yake. Mkwaju uliokuwa alama ya kaburi la mama yako waliung'oa, kilima cha makaburi wakakisawazisha, wakajenga mji: wao juu penye upepo, nyie chini kwenye vumbi la karakana. Karanga zikawashinda, wakaenda zao. Ulipokua ulipima kwa macho, ukasema mama yuko hapa. Nani angekubishia, wakati hakuna kilichobaki mahali pake?

Ulipokaribia kukata roho uliomba jambo moja tu: siku barabara ikichimbwa, mama aletwe Nkowe, alazwe ubavuni mwako.

Imechimbwa, Bibi. Wanaipanua. Nilikwenda na mjomba, mwanao, tukiwa na sanda mpya. Dereva wa kijiko alichimba taratibu kwa heshima, halafu akazima mashine, akaniita.

“Mama, njoo uone mwenyewe. Mwamba mtupu. Hapa hajazikwa mtu, hata panya hapawezi.”

Mjomba alitaka tuizike sanda ubavuni mwako, tuseme tumemleta. Nilimkaripia mbele za watu, na sijutii. Ulimpoteza mama mara ya kwanza alipokufa, na ya pili Wazungu walipokupotezea mahali alipo. Sitakuzikia kitambaa.

Mama yako yumo mjini mle, sijui wapi. Chini ya duka, chini ya choo cha stendi, popote. Pengine ni palepale tulipozoea kutua mizigo, ukanimenyea muwa, tukatafuna tukicheka na kutema makapi chini.

Kama mmeonana huko, muulize alilala wapi. Sisi huku hatujui.

Mjukuu wako