Damu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Sampuli nyingi kabla ya chai. Mashine leo haikununa. Tone la damu likishakauka kwenye karatasi unalitia, na kabla hujamaliza kupiga miayo ushajua dawa ya saratani iliyomo damuni ni haba, nyingi au sawa. Ya mwisho ilikuwa juu mno. Nikailaumu mashine. Nikarudia. Vile vile.

Karatasi zina namba, hazina majina. Lakini hii niliipokea kwa mkono wangu. Ni ya mkwe wangu, mamake mke wangu Dama, aliyetoka Ganda alfajiri kuja hapa Kilifi.

Jumanne, 3 Juni

Daktari anataka kumpunguzia dozi, nusu nzima. Ataandika Ijumaa. Sikubali. Vidonge ni vile vile tangu mwaka jana na kipimo kilikuwa sawa siku zote. Kuna kitu Mama amefanya. Akipunguziwa bure, saratani itampanda tena. Naogopa.

Jumatano, 4 Juni

Dama kamwuliza kwa simu. Eti anameza kimoja kila asubuhi baada ya kula, kama alivyoambiwa. Dama kaamini. Mimi siamini, na kumwuliza mwenyewe siwezi. Tangu nioe, namwamkia nikitazama chini, namwambia watoto wazima, naondoka. Leo nimwulize habari za mwili wake? Ganda nzima watanisema.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda Ganda. Yeye ndani, mimi nje, pazia katikati. Jasho lanitoka kama mwizi. Nikauliza. Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba Kahindi, si nilikuwa matangani Rabai? Twalala uwanjani sote. Ningemeza vipi mbele ya wale wanawake? Wangejua wote ninaumwa nini."

Na siku ya kipimo?

"Nikavimeza vyote nilivyoruka. Nisije kwa daktari nikiwa nyuma."

Yarabi! Vyote kwa mpigo, asubuhi ile ile! Nilikasirika. Nikamwambia, Mama, ulichokosa umekosa, usirundike, utajiua. Nimemkaripia mkwe wangu! Nikaomba ruhusa nimweleze daktari.

"Mweleze. Dama usimwambie, atanipigia kelele."

Ijumaa, 6 Juni

Daktari kacheka, kisha kaacha kucheka. Dozi haiguswi kwanza. Ameze kama kawaida, arudi baada ya wiki mbili. Tukiona iko juu tena, anapunguza. Sina hamu ya chakula.

Ijumaa, 20 Juni

Sawa. Nimeipima mara mbili. Sawa kabisa. Dozi inabaki.

Nilipotoka Mama alikuwa benchini, daktari kashamwambia. Nikatazama sakafu. Akaniambia niketi. Nikaketi mwisho wa benchi. Akafungua bakuli la mihogo ya nazi, akalisukuma katikati yetu.

Kwetu mtu hali na mama mkwe wake. Nikaangalia huku na huku. Yeye alikuwa ameshaanza. Nikanawa, tukala.