Wivu wa Mwalimu wa Katiba

Ballia, 14 Agosti 1993

Mama Juhi wangu,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya mwezi huu, ambayo imeifunga barabara ya mtoni. Huku tu wazima. Mama yangu anakohoa kidogo, ila si kikohozi cha kumzuia kusema. Juhi anamng'ata mtoto wa jirani. Wewe je, joto la Allahabad limekuachia nyama mwilini?

Habari kwamba umevuka mchujo wa mtihani wa utumishi wa serikali nimezipata chumba cha walimu, mbele ya wote. Dubey, yule wa hesabu, akaniuliza, "Hivi wewe, Kripashankar, ulivuka mara ya ngapi?" Nikacheka nao. Unajua jibu: ya tatu. Wewe ya kwanza. Hongera. Nimeliandika neno hilo kwa wino, usije ukasema sikulisema.

Sasa mtihani mkuu. Rudia mgawanyo wa madaraka kama nilivyokufundisha jikoni mwaka tuliooana: yako mambo ya Mama, yako mambo yako wewe, na iko chumvi, ambayo kila mmoja wenu ana ruhusa nayo, lakini mkigombana neno la Mama ndilo hushinda. Hiyo ndiyo Serikali Kuu na majimbo. Ukilishika hilo umeshika robo ya karatasi.

Umeandika kwamba unasoma "na wenzangu". Hao wenzako hawana majina?

Mumeo,
Baba Juhi


Allahabad, 29 Agosti 1993

Baba Juhi mpenzi,

Shikamoo yangu mfikishie Mama, na dawa ya kikohozi nimempa kijana wa Rasra anayerudi huko kwetu wiki hii. Mimi sijambo. Nyama ipo, Bibi Chatterjee mwenye nyumba ananilisha samaki kwa siri kwa sababu anajua kwetu hatuli.

Wenzangu wana majina. Kuna Prema na Ishrat, tunalala chumba kimoja. Na kuna Tribhuvan wa Basti, anayepanga ng'ambo ya uchochoro. Tunasomea darini kwa Bibi, yeye akiwa kwenye kiti chake na shanga zake, kwa hiyo usianze. Tribhuvan amefika usaili mara mbili, na sasa anatumia nafasi yake ya nne, ya mwisho. Tribhuvan anasema watahiniwa wengi hukariri namba za ibara kama kasuku, wakati wasahihishaji wanataka hoja. Anasema kwenye utawala wa Rais, yaani Serikali Kuu inapoivunja serikali ya jimbo kwa ripoti ya gavana, tusiishie kwenye ibara ya 356, tuulize nani alinufaika kila ilipotumika. Nimejaribu kuandika hivyo, Tribhuvan anasema mkono wangu wa kuandika umebadilika kabisa.

Mbusu Juhi. Mwambie kung'ata ni kosa la jinai.

Mkeo,
Mama Juhi


Ballia, 8 Septemba 1993

Mama Juhi,

Hatujambo. Dawa imefika.

Nilianza kuhesabu "Tribhuvan anasema" katika barua yako nikachoka. "Baba Juhi alinifundisha" niliitafuta hata nyuma ya bahasha. Kwa hiyo miaka minne nilikuwa nafuga kasuku?

Mimi pia nilifika usaili. Labda umesahau, ni mara moja tu, si mbili kama mheshimiwa. Mwambie huyo bwana kwamba aliyekuwa na namba kichwani hakuwahi kukosa hoja mdomoni. Na mwambie mkono wako ulikuwa mzuri kabla hajauona.

Juhi sasa anamwita bibi yake "mama". Sikumfundisha. Nakupa habari tu.

Baba Juhi


Allahabad, 20 Septemba 1993

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Ballia,

Natumai kiti ni kizima na aliyekikalia pia.

Nimepokea ripoti yako kwamba utulivu umevunjika katika jimbo langu na kwamba hali ya hatari iko karibu. Naomba kujua ushahidi umeupata wapi, maana gavana mwenyewe hajakanyaga huku.

Baba Juhi, acha. Wewe ndiye uliyeniambia nijaze fomu. Mama aliposema mke haendi kukaa ugenini, wewe ndiye uliyesema, "Nafasi zangu nne za mtihani zimekwisha, zake ziko nzima, mnataka zioze?" Nilikupenda siku ile kuliko siku ya harusi. Sasa nikivuka ngazi moja unanihesabia majina ya watu?

Ile ya Juhi imenichoma, na uliiandika ili inichome. Umefanikiwa. Nilisoma siku nzima bila kuona herufi.

Mkeo, ambaye bado ni mkeo,
Mama Juhi


Allahabad, 17 Oktoba 1993

Baba Juhi,

Salamu utapata siku nyingine. Mtoto hajambo, kama ulikuwa na nia ya kuuliza.

Bibi Chatterjee anataka kujua kwetu ni desturi gani hii, mwanamume kupanda dari ya watu bila hodi, kumkalisha mtoto sakafuni kama gunia la viazi na kushuka. Naandika ulichosema ili uone kinavyoonekana kwenye karatasi. Ulisema, "Endeleeni, endeleeni, msikatishe darasa." Nikasema, "Baba Juhi, karibu ukae." Ukasema, "Mtoto anahitaji mama. Tafuteni pamoja ibara ya hilo." Tribhuvan akainuka akupishe kiti, ukamtazama kama mwizi wa kuku. Mtihani wangu uko wiki tatu mbele. Ulijua.

Na najua kilichokukasirisha si yeye. Ulisimama ngazini ukasikiliza kwanza, Prema alikuona. Ulinisikia nikiwafafanulia Serikali Kuu na majimbo kwa jiko na chumvi, na nikasema, "Mwalimu mmoja alinifundisha hivi." Mwalimu mmoja. Ndilo lililokutoboa, siyo?

Basi sikia. Zamani nilikuwa nasema "mume wangu". Siku moja jamaa wa nyumba ya pili, si Tribhuvan, akadakia, "Kama anajua hivyo, mbona anafundisha watoto Ballia?" Wakacheka. Nilitaka kumpiga na kiatu. Tangu siku hiyo nasema "mwalimu mmoja", ili mdomo wowote usikuguse tena nikiwepo. Nilikuwa nakuficha kama mtu anavyoficha kidonda cha mtu wake.

Juhi analala tumboni kwangu nikisoma. Nitafanya mtihani naye, au bila usingizi, lakini nitafanya.

Mama Juhi


Ballia, 21 Novemba 1993

Mama Juhi,

Salamu kutoka nyumba isiyo na kelele. Nahesabu kwamba karatasi ya mwisho umeimaliza. Ziliendaje? Usiponijibu nitaelewa.

Mama hajasema nami vizuri tangu nirudi mikono mitupu. Nilidhani atanisifu. Akaniambia, "Mpumbavu wewe, nilikuzaa mchana kweupe ukaona wapi giza? Ulitaka kumfunga miguu mkeo, umemfunga mama yako. Mjukuu wangu yuko wapi?" Amekataa kunipikia. Napika mwenyewe. Mikate yangu ina sura ya ramani ya jimbo la Assam, pembe kila upande.

Kijana wa Rasra amepita. Kasema siku za mtihani Juhi alishinda na Bibi Chatterjee, na jioni Tribhuvan alimbeba mabegani kumpeleka kununua mapera, na kwamba mtoto anamwita mjomba. Nilimshukuru kijana, nikafunga mlango, nikatupa sufuria ukutani. Mtu niliyemtazama kama mwizi alimbeba mwanangu wakati yeye mwenyewe ana mtihani wa nafasi ya mwisho. Ningeweza kumchukia vizuri kama angekuwa mbaya kidogo.

Sijui kuandika zaidi ya hapa.

Baba Juhi


Allahabad, 19 Machi 1994

Baba Juhi,

Hujambo? Mama je, macho yake? Juhi ana mafua lakini anaimba.

Nilikuandikia mara mbili wakati wa baridi nikachana. Hii siichani.

Matokeo yametoka. Nimeitwa usaili Delhi, tarehe kumi na moja Mei. Prema hakupita, Ishrat atajaribu tena mwakani. Na Tribhuvan hakupita. Kwake yeye hakuna mwakani.

Alisimama kwenye ubao wa matangazo akalisoma jina langu kwa sauti, akanipa mkono, akasema, "Sumedha, kaandike kule vizuri." Nikamwambia si kuandika, ni kusema. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, kusema," akaondoka. Asubuhi chumba chake kilikuwa wazi. Vitabu vyake amewaachia wote wanaotaka, mlangoni. Watu walikuwa wanachagua kama sokoni. Nilishindwa kuchukua hata kimoja.

Sikujua wa kumwambia isipokuwa wewe. Naogopa utafurahi. Kama umefurahi, usiniambie.

Mkeo,
Mama Juhi


Ballia, 10 Aprili 1994

Mama Juhi mpenzi,

Nakusalimu kwa salamu zote nilizokunyima. Mama anaona vizuri, hasa makosa yangu.

Nilifurahi. Ulisema nisikuambie, lakini nimekwisha kukuficha mengi. Furaha yenyewe ilikuwa kama kula pilipili, mpaka jioni ilikuwa inanikata tumbo. Shule zilipofungwa kwa sikukuu ya Holi nikapanda treni kwenda Basti. Nilitaka kumwona akiwa chini.

Nilimkuta shambani kwa kaka yake, kwenye miwa, anafungua maji mfereji kwa mfereji, matope mpaka magotini.

"Baba Juhi," akasema. "Kabla ya siku ile darini nilidhani u mrefu zaidi."

"Kwa nini?"

"Kwa jinsi mkeo anavyokuzungumzia."

Tulikaa kwenye tuta. Alimenya muwa, akanipa nusu. Maneno niliyoyaandaa tangu treni ilipopita Gorakhpur niliyatafuna pamoja na muwa. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Kaka, inachukua muda gani?"

"Nini?"

"Kuacha kuamka alfajiri. Leo niliamka, nikawasha taa, nikakaa mezani. Shemeji akaniuliza, 'Unasoma nini?' Sikuwa na kitu mbele yangu."

Nikamwambia ukweli. "Mimi bado naamka."

Alicheka, Mama Juhi, kisha hakuwa anacheka tena. Nikamshika bega. Miaka yote hii sijapata mtu wa kumwambia neno lile, hata wewe, hasa wewe. Nilimtafuta adui yangu nikamkuta mtu pekee mwenye ugonjwa wangu.

Usiende Delhi na mtoto kiunoni. Nitakuja Allahabad tarehe saba Mei kumchukua. Nitapiga hodi.

Mumeo,
Baba Juhi


Delhi, 12 Mei 1994

Baba Juhi wangu,

Sijambo. Tangu nilipokuona jukwaani, Juhi kakushika masikio, na wewe unajifanya unasoma saa ya stesheni ili usinitazame, sijapata usingizi wa maana. Amekula? Anakuita nini siku hizi?

Usaili umekwisha. Walikuwa watano. Mzee mmoja mwenye kilemba akauliza kuhusu ile hukumu mpya ya Mahakama ya Juu: gavana akidai serikali ya jimbo imepoteza wingi wa wabunge, nani apime? Nikasema wapime wabunge wenyewe, ukumbini, kwa kura, si gavana sebuleni kwake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha mama mmoja, mwembamba, miwani puani, akasoma karatasi yangu. "Mumeo ni mwalimu. Aliwahi kufanya mtihani huu?"

"Ndiyo, mama. Alifika chumba kama hiki."

"Tukikupeleka kuwa mkuu wa wilaya anayofundisha, nani atamtii nani?"

Ningeweza kutoa jibu la kitabuni. Nikasema, "Kazini sheria itatosha. Nyumbani sijui, mama. Huko bado tunaandika Katiba, na kila ibara tunaigombania."

Wakacheka, yeye hakucheka. Akauliza, "Ana wivu?"

Nikasema, "Anao. Na haya yote ninayoyajibu, mume wangu Kripashankar ndiye aliyenifundisha kwanza."

Akaandika kitu. Sijui kama nimejimaliza au nimejiokoa. Lakini nimelisema jina lako pale, mume wangu Kripashankar, sikusema mwalimu mmoja.

Mkeo,
Sumedha, Mama Juhi


Ballia, 11 Juni 1994

Mama Juhi,

Salamu kutoka kwetu sote, na kutoka mtaa mzima, maana tangu asubuhi mlango haujafungwa. Juhi hajambo, amekula vitamu vya laddu mpaka ametapika, kisha akaomba nyingine. Mama amevaa sari ya harusi yetu na anawaambia wageni kwamba tangu mwanzo yeye ndiye aliyekutuma Allahabad. Usimkanushe.

Gazeti lenye matokeo nililinunua stesheni, kabla mwenye kibanda hajamaliza kulifungua. Sitakudanganya lililotokea. Nilipoliona jina lako moyo uliruka, na kabla haujatua nikaanza kutafuta jina langu. Sikufanya mtihani, nakumbuka. Hata hivyo nililitafuta, safu zote, kwa kidole, mpaka chini kabisa, watu wakinisukuma kwa nyuma. Nilipohakikisha halipo ndipo nikarudi juu, nikalisoma lako tena.

Shuleni Dubey aliningoja getini. "Sasa je, mume wa mkubwa, utakuwa unapika?" Nikamwambia, "Nimepika tangu Oktoba, Dubey. Njoo ule, ukithubutu." Walicheka, na mara hii walicheka pamoja nami. Kisha nilikwenda kwenye bomba nyuma ya madarasa nikanawa uso kwa muda mrefu.

Nimemwandikia Tribhuvan. Nimemwomba aje afundishe hapa, nafasi ipo kuanzia Julai. Hajajibu.

Watu wananiuliza utaingia mjini kimya kimya au vipi. Njoo kwa treni ya mchana, mji mzima ukiwa macho. Nitakuwa jukwaani, nitakubebea sanduku mpaka nyumbani kwa miguu, kupitia sokoni. Watasema watakayosema. Wivu wangu bado ninao, Sumedha, sijui nitautupa wapi, kwa hiyo nitakuja nao. Ila nitakuja.

Mumeo,
Baba Juhi