Ng'ombe Aliyegeuka Jiwe

Jumapili, 16 Agosti 1992

Évode, mchumba wangu, kaja baada ya misa, kavaa suti yake ya ualimu, jasho linamtiririka. Kanikalisha nje, kafungua leso. Jiwe! Dogo kama punje ya mahindi, buluu ya wino.

"Sheri, mpenzi wangu, hii iko almasi. Almasi ya buluu. Ile unasemaka kila siku."

Ni kweli, nimemchosha nayo. Kwamba almasi ni kaboni tupu, ila mara chache mno, huko chini kabisa ardhini, boroni hujipenyeza, chembe moja kwa milioni, na jiwe zima likageuka buluu. Yeye anafundisha watoto kusoma, mambo ya maabara hayamhusu, lakini husikiliza mdomo wazi. Nampenda kwa hilo.

Kalipata wapi? Kwa mfanyabiashara wa Bukavu. Kwa pesa gani? Kaangalia viatu vyake. Weee! Kamuuza ng'ombe! Ng'ombe wa mahari, ambaye baba yangu anatoka Ngara kuja kumpokea Jumamosi!

Nimecheka mpaka shangazi Kankindi katoka jikoni. Halafu kicheko kikaniishia. Bila ng'ombe baba hakubali, na mimi siolewi. Labda jiwe liwe la kweli — hapo Évode atanunua zizi zima.

Jumatatu, 17 Agosti

Kazini maabara kutwa, madini ya wolframu na vumbi lake. Vyombo vyote vya kupimia viko mbele yangu, na jiwe liko mfukoni. Sikulipima. Woga tu! Nililitoa mara moja, nikalitazama dirishani. Jamani, linapendeza. Mtu unaweza kulikodolea macho ukasahau chakula.

Jumatano, 19 Agosti

Nimelipima.

Nilianza na ile taa ya zambarau tunayotafutia madini yanayong'aa. Almasi ya buluu ukiimulika kisha ukazima taa, inabaki inawaka yenyewe gizani, nyingine nyekundu kama kaa la moto. Nimesoma tu, sijawahi kuona kwa macho yangu. Nikafunga mapazia. Nikamulika. Nikazima.

Giza.

Nikajidanganya macho hayajazoea. Nikasubiri. Giza lile lile. Nikachukua mita ya umeme, maana boroni hiyo hiyo huifanya ipitishe umeme, kitu ambacho almasi nyeupe haiwezi. Sindano haikutikisika. Mwisho lenzi: viputo vya hewa ndani, vya duara kabisa. Kioo! Mchumba wangu kabadilisha ng'ombe mzima kwa kipande cha chupa.

Nimekaa sakafuni nikalia kidogo. Si almasi niliyoililia. Namlilia yeye, jinsi alivyofungua ile leso.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimemwambia, nikamrudishia jiwe lake. Katembea upesi tangu sokoni hadi karibu na kwetu Kagarama. Halafu kauliza nani mwingine anajua. Hakuna, nikasema. Akasema polepole, bila kunitazama: baba yako hana ile taa.

Akinyamaza, Jumamosi tunakubaliwa. Akisema, baba anapanda gari anarudi Ngara. Ulimi uliniwasha nimwambie la kufanya, nikaung'ata. Huyu ndiye nitakayeishi naye. Nataka kuona ataamua nini peke yake.

Tukala burusheti, mishikaki ya huku, kaniigizia mkuu wake wa shule anavyopiga chafya, sina mbavu. Ajabu, nina raha.

Ijumaa, 21 Agosti

Baba kafika kachoka, vizuizi vya barabarani vimemchelewesha tangu mpakani Rusumo. Kabla ya maji ya kunywa kaniuliza ng'ombe ana rangi gani. Nikasema buluu. Kacheka sana, maskini.

Jumamosi, 22 Agosti

Naandikia chumbani kwa shangazi. Nimepambwa, ila sitoki mpaka niitwe. Uani nasikia kila kitu.

Mzee Nkusi, baba mkubwa wa Évode, ndiye msemaji wao. Mdomo anao! Kasema wameleta ng'ombe asiyekula majani, asiyeshikwa na kupe, asiyehitaji mchungaji. Kalionyesha jiwe. Msemaji wetu, Mzee Valens, kauliza: na anakamuliwa wapi huyo? Ua mzima umeangua kicheko. Baba naye anacheka, namjua kwa kikohozi chake. Kasema kama ni almasi kweli, yeye hana neno.

Hana neno! Imepita! Mbona sifurahi?

Sauti ya Évode. Bwana harusi haongei siku hii, jamani, anasemewa —

"Wazee, munisamehe. Hii haiko almasi. Iko kioo. Winifred aliipima Jumatano. Ng'ombe niliuzisha, nikadanganywa, na sina ingine."

Kiti kimeanguka. Mzee Nkusi anaguna kama aliyepigwa tumboni.

Kasema! Kasema mwenyewe, mbele ya wote! Wanja umeshamwagika, na nacheka peke yangu kama kichaa. Nimefurahi mimi, basi.

Shangazi kaingia. Baba anauliza: kama nilijua tangu Jumatano kwamba ni kioo, mbona nimekubali kupambwa?

Nimemwambia shangazi nitamjibu baba mwenyewe: nimeshaona Évode alichoamua, na namtaka. Kanitazama juu hadi chini. Sasa ananifunga upya fundo la mshanana, vazi la sherehe, begani, anakaza kwa nguvu, kalamu inaruka. Anasema lisije likafunguka mbele ya watu. Baba ananiita kwa jina.