Kwa Mke Mwenzangu, Uliyekataa Kubatizwa Bila Mimi

Mpendwa dada, Mama Magesa,

Usicheke. Ni mimi ninayeandika, kwa mkono wangu mwenyewe. Hapa kijijini siku hizi watu wazima tunaenda darasani jioni, na mwalimu wetu wa kisomo alisema barua ya kwanza nimwandikie mjomba wangu kule Mugango. Nikaona mjomba nitampelekea salamu kwa mdomo, wapo wanaokwenda huko kila siku. Wewe ndiye sina wa kumtuma kwako.

Nakumbuka Baba Magesa aliponileta kwako. Mtoto wa ziwani mimi, nimekulia dagaa, hata jembe la pamba sijui linashikwaje. Nilikuwa nimeambiwa mke mkubwa atanimeza mzima. Ukatoka jikoni na unga mikononi, ukanitazama juu mpaka chini, ukamwambia mume wetu, "Wee, umeniletea mke mwenza au umeniletea mtoto wa kulea?" Halafu ukanipa michembe ya viazi na maziwa. Majirani wa Nyasura walingoja tugombane mpaka wakachoka.

Kisha mwalimu wa dini akaanza kupita nyumbani. Tulimsikiliza wote watatu, tukaamini wote watatu. Tulipoomba ubatizo akatueleza utaratibu wao: mke wa kwanza anabatizwa, mume habatizwi mpaka abaki na mke mmoja, na mke wa pili habatizwi kabisa mpaka aondoke kwa mume huyo. Alisema kwa upole, lakini alikuwa anaangalia miguu yake. Mimi nilikuwa na Nyangeta mgongoni, hata meno hajaota. Niondoke niende wapi?

Jumapili yako ilipofika nilikufulia khanga. Ukavaa, ukapendeza, ukafika mpaka kwenye zizi, ukarudi. Ukaketi kwenye kibanda cha pamba, ukavuta gunia, ukaanza kuchambua chafu na safi. Nikakuuliza, "Dada, kulikoni?"

Ukasema, "Mimi niimbe ndani, wewe unisikilize ukiwa nje? Aka! Keti hapa tuimbe."

Kanisa letu lilianza hivyo, wanawake wawili na gunia la pamba, na wimbo mmoja ambao tuliujua nusu. Nusu nyingine uliitunga wewe, tena vibaya. Baadaye wakaja wake wa pili wa majirani, akaja yule bibi mpika pombe, akaja mume wetu mwenyewe akajifanya amefuata maji ya kunywa. Kila mmoja alichukua pamba mapajani, tukachambua huku tunaomba. Mwalimu alisikia akasema hiyo si ibada, ni kibarua. Wewe ukasema Mungu anatujua tuna mavuno.

Unamkumbuka balozi wa nyumba kumi? Alivyoingia kwa kishindo siku ile, "Mkutano gani huu hauna kibali?" Ukamjibu bila kuinua macho, "Tunachambua pamba, balozi. Karibu usaidie." Akaketi kutukomoa, aone tutafanya nini. Tukaimba. Na yeye alikuwaga na wake watatu, hakuna kanisa lililomtaka. Jumapili iliyofuata alikuja mapema kuliko wote, na sauti yake ile ya ng'ombe dume.

Serikali ilipotuhamisha kuja kijijini, watu walibeba milango na nguzo vichwani, kibanda chetu kikabaki porini. Tukaanza tena uani kwako. Kanisa lao likawa hapo hapo karibu, tunasikia ngoma yao, nao wanatusikia sisi.

Halafu ukaugua. Ulipoona huinuki tena, ukaniita, ukanishika mkono, ukasema, "Mdogo wangu, naogopa kwenda hivi hivi. Niruhusu nibatizwe." Wewe uliyekaa nje miaka yote ile kwa ajili yangu, ukaniomba ruhusa! Nikasema, "Nenda, dada." Nilikuruhusu kwa moyo wote, na moyo huo huo uliniuma sana. Mwalimu akaja na maji kwenye bakuli. Ulipofariki wakakuzika kwenye makaburi ya wabatizwa, nasi wengine tukasimama upande wa pili wa uzio wa minyaa. Nilirusha udongo wangu kutoka huko, sijui kama ulifika.

Baba Magesa naye hakukaa, alikufuata baada ya mavuno, kabla hajabatizwa. Nyumba imekuwa kubwa, dada. Napika ugali mwingi kama zamani, halafu nakumbuka.

Mwaka huu mwalimu wa dini alikuja akaniambia sasa mimi ni mjane, hakuna kinachonizuia. Nikasoma mafundisho yote. Nikashona gauni jeupe. Akaniahidi nafasi ya kaburi iliyo kando yako, bado iko wazi. Nilifurahi, sikufichi, maana nimechoka kuwa mbali nawe. Sharti lilikuwa moja tu: mkusanyiko wa uani niufunge, kwa sababu kijiji kina kanisa lake.

Nikawa nimekubali. Jumapili iliyopita nilitoka uani kuwaambia wenzangu ndiyo mara ya mwisho. Nikamkuta msichana kwenye uzio, mtoto mgongoni, kaolewa juzi tu kutoka upande wa Butiama. Akapiga goti, "Shikamoo, mama. Nimesikia hapa mtu haulizwi yeye ni mke wa ngapi."

Nilimwangalia, dada. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Pita uketi."

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu. Nikamwambia uani hapafungwi, kwa hiyo abatize wengine. Alihuzunika kweli, si mtu mbaya yule. Akasema basi ile nafasi kando yako itabidi apewe mtu mwingine. Nikasema sawa. Nikatembea vizuri mpaka mlangoni kwangu, nikaingia, nikalia mpaka Nyangeta akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Nisalimie Baba Magesa, kama wamewaruhusu kukaa pamoja. Na huyo watakayemlaza ubavuni mwako, mpokee vizuri kama ulivyonipokea mimi. Ila mwambie ni mahali pangu.

Mdogo wako,
wa nyumba ya pili