Viatu Nilivyoviacha Ngazini

Arlington, Jumanne

Bado ninacheka peke yangu. Siku sita za Thailand, na jambo la kwanza binti yangu Neema alilowasimulia wajukuu tuliporudi lilikuwa viatu vyangu.

Hekaluni watu huvua viatu na kuviacha ngazini. Mimi nilivibeba kwapani. Tangu usiku ule tulipokimbia vita kwetu Uvira sijalala viatu vikiwa mbali na mkono wangu.

“Papa, nani ataiba viatu vilivyochakaa hivyo?” Neema alinitania.

Siku ya nne tulitembelea Ayutthaya, mji wa wafalme uliochomwa vitani zamani. Nilizitazama kuta zake za matofali, kisha soko la jirani, wanawake wakichoma samaki na kugombania wateja kwa vicheko. Kumbe watu walirudi.

Kwenye hekalu la mwisho niliviacha viatu pamoja na vya wengine. Nikakaa ndani, mwanzoni nikigeuka kila mara kutazama mlangoni, baadaye kwa raha tu.

Nilikuwa nimekaribia basi Neema aliponifuata mbio.

“Papa! Unaenda wapi miguu peku?”

Nilikuwa nimevisahau. Mimi!