Nyimbo Kumi na Saba za Bibi

Kumbakonam, 4 Machi 2003

Mdogo wangu Kanagasabai,

Hujambo huko Penang? Mkeo je, na lile goti lako? Mimi namshukuru Amman, mungu mama yetu, sukari imeshuka na ninakula, ingawa vitumbua vya idli vya mtu mmoja havina ladha hata kwa achari ya ndimu.

Nina shida, na wa kumwambia ni wewe tu. Kompyuta ya marehemu mume wangu imemfuata mwenyewe. Fundi amehamishia kazi zake kwenye mashine mpya, lakini nikifungua nyimbo za bibi yake naona takataka: herufi za Kizungu, mabano, alama za kuuliza, ukurasa mzima. Kitamil hakuna hata chembe. Fundi anasema fonti hiyo hajapata kuiona. Angeiona wapi? Mume wangu aliichora mwenyewe, herufi moja moja, miaka miwili.

Unajua tulivyofanya kazi. Mimi nasoma daftari la bibi, yeye anapiga. Akimaliza mstari, bila kugeuka, anasema, "Endelea." Juu ya kila wimbo aliweka alama ya Pillaiyar, mungu wa mwanzo wa kila jambo, kama sisi sote tunavyoanza karatasi, ila mkia wa yake umetetemeka, maana aliichora kwenye fonti mkono ukiwa tayari na ugonjwa. Nyimbo ni mia na nane. Tulipomaliza ya tisini na moja aliinamia kibodi. Nikadhani amechoka.

Sasa sikia dhambi yangu. Siku ya kumchoma niliambiwa nimwekee kifuani kitu alichokipenda. Akili haikuwa kwangu. Nikamwekea daftari. Nyimbo kumi na saba zimeungua kwa mkono wangu, na nakala haipo. Hekalu letu linatakaswa Juni, nami nilimwahidi Amman kitabu. Niokolee basi hizo tisini na moja.

Dada yako,
Thaiyalnayaki

Penang, 20 Machi 2003

Dada yangu,

Goti linalalamika kuliko mke wangu, naye anakusalimu. Futa machozi. Maneno yote yapo pale pale. Mashine haina tu sura za herufi za kuyaonyesha. Shemeji Ekambaram alinitumia fonti yake zamani, na barua ya kunicheka: "Mwandiko wako kama kuku aliyekanyaga wino, tumia wangu." Nimeipata ndani ya kopo la biskuti.

Diski hiyo hapo. Nimekuandikia hatua zote kwenye karatasi ya njano. Nakili fonti ndani ya folda ya fonti, kisha weka programu ya kibodi. Vitufe vinafuata mpangilio wa taipureta yake. Halafu fungua nyimbo, chagua maandishi yote, na utafute fonti kwenye orodha. Inaitwa Thaiyal. Kumbe hakukwambia?

Na hiyo dhambi, mwachie Amman aipime. Wewe kula.

Mdogo wako,
Kanagasabai

Kumbakonam, 14 Aprili 2003

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya wa Kitamil. Natumaini mnakula vizuri na goti limetulia. Hakukwambia, unauliza. Hakuniambia. Nililikuta jina langu kwenye orodha, nikakaa kitako nikalia kwanza.

Kisha nikabonyeza, na Kitamil kikatokea kama wali unavyofunuliwa. Nikaanza kusoma tangu wimbo wa kwanza, asubuhi baada ya kuoga, taa ya Amman ikiwaka. Nikafika tisini na moja. Nikageuza ukurasa nikijikaza, nikijua hapo ndipo mwisho.

Kulikuwa na wimbo wa tisini na mbili. Na wa tisini na tatu. Zipo zote, Kanagu, hadi mia na nane. Ni zenyewe; nimelisoma daftari lile tangu niolewe. Hata pale bibi alipokata neno akaandika jingine pembeni, limewekwa lile la pembeni.

Je, ni wewe? Ulikuwa na nakala ukanificha? Sitakasirika. Lakini nieleze na hili: kuanzia tisini na mbili, mkia wa alama hautetemeki. Umenyooka, kama alivyouandika kwenye kadi yetu ya harusi.

Dada yako,
Thaiyalnayaki

Penang, 27 Aprili 2003

Dada yangu,

Natumaini u mzima. Mimi silali vizuri, na si goti.

Sikuwahi kuliona daftari. Kwenye diski niliweka fonti na kibodi tu. Halafu jambo hili ulielewe: herufi ya fonti ni kama muhuri wa ofisi. Ukiugonga mara mia, unatoka vile vile mara mia. Haiwezekani mkia ukatetemeka hapa na ukanyooka pale. Nimeifungua fonti, nimezipitia sura zote. Alama ya Pillaiyar ni moja tu, nayo inatetemeka.

Nakuomba, usizichapishe hizo kumi na saba. Zima mashine, chomoa waya. Nakuja Agosti tuitazame pamoja.

Mdogo wako,
Kanagasabai

Kumbakonam, 11 Mei 2003

Mdogo wangu mpendwa,

Je, umeanza kulala? Nakuombea kila asubuhi. Usinikasirikie. Nilikwenda hekaluni nikazisoma zote kumi na saba mbele ya mlango wa Amman, nikingoja anikatalie. Hakunikatalia. Kitabu kiko kwa mpiga chapa.

Mashine nilizima, nikachomoa na waya kama ulivyosema. Jumanne nikaichomeka tena, nihakikishe neno moja la wimbo wa mwisho. Baada ya wimbo huo palikuwa na ukurasa mwingine. Juu, alama yenye mkia ulionyooka. Chini yake neno moja: Endelea.

Daftari sina tena. Nilikaa hadi kahawa ikapoa, sijui la kufanya, nami najua hakuwahi kupenda kungojeshwa. Mwisho nikachukua barua yako ya Machi nikamsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye kuku aliyekanyaga wino nikacheka peke yangu. Nikainua macho. Barua yako yote ilikuwa pale, imepigwa safi, na chini yake: Endelea.

Siogopi, Kanagu. Nilidhani nitaogopa. Leo nimemsomea ile ya Aprili, nayo imekwisha, na neno lile lipo tena.

Sina kingine cha kumsomea. Tafadhali nijibu upesi, na iwe ndefu.

Dada yako,
Thaiyalnayaki